Dole Gumba na Deni: Namna ya Kuithibitisha Alama Inayokanwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa Jumuiya)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baadu.



Kamati imeniamuru niseme maneno machache juu ya madeni. Sitazungumza juu ya fadhila za kukopesha wala ubaya wa kuchelewesha kulipa, kwani hayo masheikh wenzangu wamekwisha kuyaeleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nitashika jambo moja tu, dogo kwa kulitazama lakini lenye kuvunja udugu wa watu: nalo ni ile alama ya dole gumba iliyotiwa chini ya hati ya deni, ambayo siku ya kulipa mdaiwa huitazama na kusema, "Hili si dole langu."

Neno hilo likisemwa mahakamani, mmoja kati ya wawili anadhulumiwa. Ikiwa alama ni ya kweli, basi aliyekopesha mali yake kwa nia njema ananyang'anywa mchana kweupe. Na ikiwa alama ni ya uongo, basi mtu asiyejua kusoma, pengine mjane au mzee mkulima, anavuliwa shamba lake kwa deni asilolijua. Hakimu hakuwapo siku ya kukopeshana. Mbele yake ipo karatasi na doa la wino. Je, doa hilo litamwambia nini? Hilo ndilo nitakalo kulieleza, kwa kadiri ya elimu yangu, na kwa kuitazama sheria ya hapa kwetu Uganda.

Kwanza yafaa tujue asili ya jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba elimu ya alama za vidole ilizuliwa na polisi ili kuwakamata wezi na wauaji. Sivyo. Mwezi wa Julai mwaka 1858, katika mji wa Jangipur, nchi ya Bengal huko Bara Hindi, afisa Mwingereza aitwaye William Herschel alifanya mapatano na mkandarasi wa pale, Rajyadhar Konai, alete kokoto za kutengenezea barabara. Herschel alikuwa amechoka na watu waliokuwa wakizikana sahihi zao. Basi akamwambia Konai apake wino kiganjani, akaugandamiza mkono wake mzima nyuma ya ile hati. Wakati ule hakuwa na elimu ya mistari ya ngozi. Nia yake ilikuwa kumtia Konai hofu tu, asije akaikana sahihi yake. Lakini alipoendelea kukusanya alama za watu mwaka hadi mwaka aliona kuwa hazibadiliki, na mwaka 1877, akiwa hakimu wa wilaya ya Hooghly, akazitumia katika kuandikisha hati, kulipa pensheni na kutambua wafungwa. Tazameni basi: alama ya mkono iliingia serikalini kwa mlango wa mapatano na malipo, kabla haijaingia kwa mlango wa jinai.

Na katika habari hiyo Waislamu wana sehemu yao, ambayo haisimuliwi sana. Kuzijua alama ni jambo moja, na kuzipanga hata ukaweza kuitafuta moja katika maelfu ni jambo jingine. Kazi ya hesabu ya mpango huo ilifanywa Calcutta na vijana wawili wa Kihindi, Azizul Haque, Mwislamu aliyesomea hesabu, na Hem Chandra Bose, chini ya Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal. Azizul Haque alizigawa alama za vidole kumi katika mafungu 1,024, yaani 32 mara 32, hata karani akajua fungu la kutazama. Ofisi ya kwanza ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Mpango ukaitwa kwa jina la Henry, bali baadaye serikali ilimtunuku Azizul Haque cheo cha Khan Bahadur na zawadi ya fedha.

Sheria nayo ikaifuata elimu. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilirekebishwa mwaka 1899, ikaingiza alama za vidole katika mambo ambayo mahakama yaweza kusikiliza rai ya bingwa. Sheria hiyo ya India ndiyo iliyokuwa kielelezo cha sheria za ushahidi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na hapa Uganda sheria ya namna hiyo ilianza kutumika mwaka 1909. India yenyewe imekwisha kuibadili sheria yake kwa nyingine iliyoanza tarehe 1 Julai 2024, lakini mlango wa bingwa wa alama za vidole haukufungwa, huko wala huku.

Sasa tuitazame alama yenyewe. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta madogo yaendayo sambamba, kama matuta ya shamba la viazi likitazamwa kutoka mlimani. Matuta hayo hufanyika mtoto angali tumboni mwa mama yake, na hukamilika kabla ya mwezi wa saba wa mimba. Hayabadiliki mpangilio wake mpaka mtu afe na ngozi ioze. Hata pacha waliofanana uso na sauti hawafanani vidole. Wengi wetu tumesikia wahubiri wakiitaja aya ya 4 ya Sura ya Al-Qiyama, isemayo juu ya uwezo wa Mola kuzirudisha hata ncha za vidole. Mwenye kuzingatia na azingatie.

Mapambo ya matuta hayo ni ya aina tatu kubwa. Ipo aina ya tanzi, ambayo mistari yake huingia upande mmoja, ikapinda na kurudi kulekule. Hii ndiyo iliyo nyingi, zaidi ya nusu ya vidole vyote. Ipo ya mzunguko, kama gamba la konokono, nayo hufikia kama theluthi. Na ipo ya upinde, iliyo chache, kama vidole 5 katika 100. Lakini bingwa hamtambui mtu kwa aina tu, maana tanzi ni za mamilioni ya watu. Hutazama vituo vidogo: hapa mstari umekatika, pale mmoja umegawanyika kuwa miwili, kule kipo kistari kifupi baina ya mirefu miwili. Huikuza kwa picha alama inayobishaniwa, akaweka pembeni yake alama aliyoichukua mwenyewe kutoka kwa mdaiwa, akaonyesha kituo kwa kituo kuwa vyote vimekaa mahali pamoja na kwa mpangilio mmoja. Akiona tofauti moja ya kweli isiyoelezeka, alama hizo si za kidole kimoja, ingawa zimefanana katika mengine.

Idadi ya vituo haikuwekwa moja duniani. Uingereza ilidai vituo 16 kwa miaka mingi, kisha mwaka 2001 ikaliacha sharti hilo na kumwachia bingwa aeleze sababu zake. Kwa hiyo, ndugu zangu, msidanganywe na mtu asemaye, "Bingwa amesema, basi." Bingwa ni shahidi kama mashahidi wengine. Yampasa afike, aape, atoe picha zake, aseme kwa nini, na aulizwe maswali na upande wa pili. Ripoti ya maneno mawili, kwamba "alama zimelingana", bila sababu wala picha, ni kama fatwa isiyo na dalili.

Mahakama Kuu ya Upeo ya India ilisema katika shauri moja la mwaka 1979 kwamba elimu hii ni ya yakini, isiyoingiwa na makosa. Elimu yenyewe yaweza kuwa ya yakini, lakini mwenye kuitumia ni mwanadamu. Mwaka 2004, baada ya mabomu yaliyoua watu zaidi ya 190 katika magari ya moshi ya Madrid, ilionekana alama ya kidole juu ya mfuko wa plastiki. Mabingwa wa shirika la upelelezi la Marekani wakasema ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, aliyekuwa amesilimu. Polisi wa Hispania walikuwa na shaka tangu mwanzo, lakini bwana huyo alikamatwa tarehe 6 Mei, na hata bingwa wa nje aliyewekwa na mahakama akakubaliana na wale wa kwanza. Kisha Wahispania wakamgundua mwenye alama, mtu wa Algeria, na Mayfield akafunguliwa tarehe 20 Mei. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2. Siyasemi haya ili mtu azikatae alama za vidole. Nayasema ili tujue kwamba hata zana bora huhitaji mwenye kuishika kwa uadilifu, na huhitaji ushahidi mwingine wa kuisindikiza.

Nirudi kwenye deni. Tuchukue mfano kwa majina yaliyozoeleka katika vitabu vyetu, Zaidi na Amri. Zaidi amemkopesha Amri shilingi milioni 3, na Amri ametia dole gumba. Siku imefika, Amri anakataa. Kukataa kwake kwaweza kuwa kwa namna nne, na kila namna ina ushahidi wake. Mashauri mengi hupotea kwa sababu mdai ameleta ushahidi wa namna moja kujibu ukanusho wa namna nyingine.

Namna ya kwanza, Amri asema, "Dole hili si langu kabisa." Hapa ndipo mahali pa bingwa. Kanuni ya dini yetu ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Na sheria ya nchi nayo yamtaka adaiye jambo ndiye alithibitishe. Basi si kazi ya Amri kuthibitisha kuwa hakutia dole. Ni kazi ya Zaidi kuthibitisha kuwa alitia. Na Zaidi asingoje mpaka siku ya hukumu. Mara aonapo katika majibu ya Amri kwamba alama imekanwa, wakili wake na aiombe mahakama iamuru Amri atoe alama za kulinganishia mbele ya msajili au afisa wa mahakama. Zichukuliwe kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe safi, madole yote mawili, la kulia na la kushoto, kwa kugandamiza na kwa kubingirisha kutoka ukucha hata ukucha, zaidi ya mara moja, na kila moja iandikwe ni ya dole lipi. Kisha zipelekwe pamoja na hati ya asili kwa bingwa. Hapa kwetu polisi wana idara yao ya uchunguzi huko Naguru. Nasema hati ya asili, si nakala ya mashine. Nakala hufuta matuta membamba na kuzaa madoa yasiyokuwapo, na bingwa mwaminifu ataikataa.

Hakimu mwenyewe pia ana ruhusa ya kulinganisha alama kwa macho yake. Lakini mahakimu wenye hekima hulichukua jambo hilo kwa hadhari, maana jicho lisilofunzwa huona kufanana mahali ambapo hapana. Na Amri akikataa kutoa dole lake mahakamani bila ya udhuru, mahakama yaweza kulipima kataa lake pamoja na mambo mengine yote.

Namna ya pili, Amri asema, "Dole ni langu, lakini karatasi ilikuwa tupu." Hapa bingwa hana la kusema, kwani dole limekwisha kukubaliwa. Na jambo hili ni la hatari kubwa. Sheria ya hati za fedha, iliyotokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1882, yasema kuwa mtu akitia sahihi juu ya karatasi tupu yenye stempu, akampa mwenziwe ili iwe hati ya fedha, kwa dhahiri amempa idhini ya kuijaza, ingawa lazima ijazwe kwa mujibu wa walivyoafikiana. Kwa hiyo atiaye dole juu ya karatasi tupu amempa mtu ufunguo wa nyumba yake, kisha aenda mahakamani kuthibitisha kuwa hakumruhusu kuingia chumba cha ndani. Akidai kwamba mwenziwe alifanya hila, ajue kuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikwisha kusema mwaka 1957 kwamba madai ya hila huhitaji uthibitisho mzito kuliko madai mengine ya kawaida. Wazee wangu, msitie dole juu ya karatasi tupu, wala kwa ndugu, wala kwa sheikh.

Namna ya tatu, Amri asema, "Dole ni langu na maandishi yalikuwapo, lakini sikusomewa, niliambiwa ni karatasi ya mkutano, kumbe ni ya deni." Hapa Uganda ina sheria iliyo neema kwa wanyonge, nayo ni ile ya kuwalinda wasiojua kusoma, ya tangu mwaka 1918. Yaamuru kwamba anayemwandikia hati mtu asiyejua kusoma lazima aandike juu ya hati hiyo jina lake kamili kama mwandishi, na anwani yake. Akifanya hivyo huwa ameshuhudia kwamba ameagizwa na mwenyewe, kwamba yaliyoandikwa ndiyo aliyoagizwa, na kwamba amemsomea na kumweleza. Mahakama zetu zimepata kuzikataa hati zilizokosa jambo hilo. Basi mkopeshaji mwenye karatasi nzuri na dole zuri, lakini isiyo na jina la mwandishi, aweza kuona hati yake ikiwekwa kando.

Na sikilizeni neno moja la sheria hiyo ambalo lawahusu wengi waliomo humu. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni yule asiyeweza kusoma na kufahamu maandishi au lugha ya hati iliyo mbele yake. Hakusema asiyejua kusoma kabisa. Mwalimu wa chuo, ambaye amehifadhi juzuu na husoma vitabu vya Kiarabu, akiletewa hati ya Kiingereza asiyoifahamu, mbele ya hati ile huhesabiwa asiyejua kusoma, naye ana haki ya kusomewa na kuelezwa. Wala si aibu kusema, "Nieleze." Aibu ni kutia dole kwa haya.

Namna ya nne, Amri asema, "Dole ni langu na nilisomewa, lakini fedha sikupewa," au, "Nilipewa nami nikalipa." Dole gumba haliwezi kujibu neno hili hata kidogo. Hapa watakiwa mashahidi walioona fedha zikihesabiwa, au daftari la biashara, au karatasi ya benki, au kumbukumbu ya fedha zilizotumwa kwa simu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwenye kulipa naye asiondoke bila stakabadhi, hata kama amelipa msikitini mbele ya safu nzima. Watu wa safu watahama, wengine watakufa, karatasi itabaki.

Limebaki jambo la warithi. Amri amekufa, na Zaidi anadai kwenye mirathi. Twajua kuwa deni la maiti hutangulizwa kabla ya kugawa urithi. Lakini warithi hawajui habari ya deni, na dole la marehemu limo kaburini. Hapo hutafutwa alama zilizokwisha kukubaliwa za marehemu, alizotia katika hati za ardhi, ofisi ya benki, au alipojiandikisha. Na sote twakumbuka kuwa katika uandikishaji wa vitambulisho wa mwaka 2014 vidole vilichukuliwa. Warithi wasikane kwa tamaa, wala wasikubali kwa haya. Wawe tayari kuona alama zikilinganishwa. Na waangalie tarehe ya hati: je, siku hiyo marehemu alikuwa na fahamu? Dole la mgonjwa aliyezimia laweza kugandamizwa na mkono wa mwingine, nalo litalingana vituo vyote mbele ya bingwa, hali ya kuwa mwenyewe hakukubali lolote. Alama yasema, "Ngozi hii iligusa karatasi hii." Haisemi kwamba moyo uliridhia.

Hilo, mabwana, ndilo kusudi la maneno yangu yote. Dole gumba huthibitisha ni nani, wala halithibitishi aliafiki nini. La pili hilo ni kazi ya mwandishi na mashahidi. Na hapo ndipo tunapoiona hekima ya aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu, ambayo Mola ameijaalia juu ya deni. Imeamuru deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mwenye kuwiwa ndiye aseme yatakayoandikwa, na akiwa dhaifu asiyeweza kusema, msimamizi wake aseme kwa haki, wawekwe mashahidi, watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa, na mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Angalieni kwamba maneno ya hati hutoka kwa mdaiwa. Lau tungefanya hivyo, zile namna tatu za mwisho za kukana zingepungua sana.

Wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa mambo haya. Katika Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmani kati ya mwaka 1869 na 1876, imeelezwa kuwa mtu akikana hati iliyo na mwandiko na muhuri wake, na mwandiko wake haujulikani sana, huandikishwa, na maandishi hayo mawili yakaonyeshwa kwa mabingwa. Basi kumwita bingwa wa alama za vidole si bidaa ya kuogopwa. Ni njia ileile kwa zana mpya.

Sasa nitataja mambo ya kutenda, ili tusirudi nyumbani na maneno matupu.

Hati iandikwe kwa lugha anayoifahamu mwenye kukopa. Itaje fedha kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na siku ya kulipa. Kwa sheria ya mapatano ya mwaka 2010, mapatano yazidiyo shilingi 500,000 yatakiwa yawe kwa maandishi, kwa hiyo tusitegemee ulimi.

Kabla ya kutia dole, mkono unawe na ukaushwe. Wakulima, waashi washikao saruji, na mama wafuao nguo kila siku, matuta yao huchakaa. Dole la kushoto likiwa bovu, litumike la kulia, au kidole kingine, na iandikwe ni kipi. Tusipake dole kwa kukwaruza kalamu ya wino, kama ifanywavyo katika maduka mengi. Alama ya namna hiyo huwa mikwaruzo mitupu. Kitumike kidau cha wino, na wino uwe mwepesi, maana ukizidi hujaza mabonde na kufuta matuta. Dole ligandamizwe mara moja polepole na kuinuliwa, lisisokotwe wala kurudiwa juu ya alama ya kwanza. Ikiwa mbaya, itiwe nyingine pembeni, na mashahidi waone. Isitiwe juu ya maandishi wala juu ya mkunjo wa karatasi.

Pembeni ya alama iandikwe, "Hii ni alama ya dole gumba la kushoto la fulani bin fulani, ametia mbele yetu baada ya kusomewa." Mwandishi aandike jina na anwani yake. Mashahidi wawili watie sahihi zao, na wasiwe wote ni jamaa wa mkopeshaji. Nakala ziwe mbili, moja kwa kila mmoja, hati ya asili ihifadhiwe pakavu bila kukunjwa. Na mdai asilale juu ya haki yake, kwani kwa sheria ya Uganda deni la mapatano likipita miaka 6 bila kudaiwa mahakamani wala kukiriwa, mlango hufungwa.

Natoa shauri kwa kamati: vijana wetu waliosoma, wanaojua Kiingereza na Kiarabu na Kiswahili, wateuliwe wachache wakae baada ya sala ya Ijumaa kuwasomea wazee hati zao kabla hawajatia dole. Kidau kimoja cha wino na daftari moja havimalizi mfuko wa Jumuiya, na vyaweza kuokoa mashamba.

Mwisho, kwa yule ambaye ajua moyoni mwake kuwa dole ni lake na fedha alipewa: mahakama yaweza kukosa bingwa, hati yaweza kuliwa na mchwa, na Zaidi aweza kushindwa shauri. Deni halifutwi kwa hayo. Na kwa wewe mdai, ikiwa ndugu yako hana kitu na amekiri deni lake, mpe muda. Nayo ni amri ya Kitabu, aya mbili tu kabla ya ile ya kuandika. Kuandika ni kwa ajili ya haki, na kusubiri ni kwa ajili ya huruma, wala kimoja hakimfukuzi mwenziwe.

Namwomba Mwenyezi Mungu atulinde na deni lisilolipika na ushahidi wa uongo, na audumishe umoja wa Jumuiya yetu. Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.